Mkono wa mzee unatangulia neno kwa karibu sekunde 3! Alama za ELAN zinateleza, msaada wakuu

Binti_Chikongola – Jumatatu, saa 2:14 usiku

Wakuu, habari za jioni. Nina tatizo limeninyima usingizi siku ya nne leo, na malipo yangu yamekalia hapo hapo.

Nipo Mtwara mjini, nimepata kibarua cha kunukuu masimulizi ya Kimakonde yaliyorekodiwa huko Newala. Tunatumia ELAN, programu ya bure ya Taasisi ya Max Planck ya Nijmegen, Uholanzi. Kwa asiyeijua: juu inakaa video, chini yake mawimbi ya sauti, halafu kuna mistari ambamo unachora kipande cha muda na kuandika kilichotokea ndani ya kipande hicho. Sisi tunaviita alama. Mimi naweka alama za maneno. Mwenzangu yuko Lindi, yeye anaweka za mikono: umenyanyuka lini, umefika wapi, umeshuka lini. Mimi nafuata sauti ya rekoda iliyokuwa mbele ya mzee, faili la WAV. Yeye anatazama video tu, tena nakala aliyopewa haina sauti kabisa. Mwisho tunaunganisha mafaili yetu mawili yawe moja.

Tumeunganisha la kwanza, la dakika 47. Mwanzoni mtu anapiga kofi moja mbele ya kamera. Kofi linaonekana na kusikika kwa pamoja, safi. Ukienda mbele, mikono inaanza kuwahi. Karibu na mwisho mzee anaeleza wazee wake walivyovuka Ruvuma. Ananyoosha mkono kuonyesha bonde lilipo, anaushusha, anajikuna sikio, ndipo neno "Ruvuma" linasikika.

Mratibu kasema mmoja wetu amelipua kazi. Mimi nasema ni mwenzangu, mwenzangu anasema ni mimi. Naombeni msaada kabla hatujakosana kabisa.

Dogo_RAM – Jumatatu, saa 2:31 usiku

Laptopu yako ina RAM ngapi? Kama ni GB 4 jibu unalo. Video inakwama, sauti inaenda. Ongeza RAM, weka SSD, kwisha habari.

Kangomba_Mstaafu – Jumatatu, saa 2:40 usiku

Mzee anajikuna sikio kwanza 😂 Labda anakumbuka kama ni Ruvuma au Lukuledi. Naweka kambi hapa, leteni chai.

Mwl_Mikindani – Jumatatu, saa 3:05 usiku

Binti, kabla hamjalaumiana, mkono kuwahi neno kidogo si kosa la mtu. Ni kawaida ya wanadamu. Waliochunguza ishara kwa miaka mingi, akina Adam Kendon na David McNeill, walionyesha kwamba mkono huanza kujiandaa kabla ya neno linaloendana nao. Mtazame mama anayekuelekeza njia pale sokoni: kidole kimeshafika kwenye kona wakati mdomo bado unasema "ukitoka hapa".

Ila huko ni kuwahi kwa sehemu ya sekunde. Mtu anyooshe, ashushe, ajikune, ndipo aseme? Hapo hata mimi siwezi kumtetea mzee wako.

Mtaalamu_Posta – Jumatatu, saa 3:22 usiku

Rahisi sana. Menyu ya anotesheni ina sehemu ya kusogeza alama zote kwa pamoja. Mwisho zimewahi sekunde 3, mwanzo hazijawahi, basi chukua nusu yake. Sogeza za mikono mbele kwa sekunde moja na nusu. Mwanzo zitachelewa kidogo, mwisho zitawahi kidogo, katikati ziko sawa. Nani atajua?

Fundi_Mawimbi – Jumatatu, saa 4:10 usiku

Mtaalamu hapo juu, kaka yangu, hiyo dawa ni ya kumpaka mgonjwa poda. Umechukua faili lenye mwanzo mzuri na mwisho mbovu ukalifanya bovu pande zote. Dada, usifanye hivyo. Na usiguse kitu kabla hujatengeneza nakala ya mafaili yote mawili na kuiweka kwenye flashi.

Nipo Lindi, kazi yangu ni sauti: harusi, mahubiri, mikutano. Hili tatizo nakutana nalo kila mwezi, na kila mwezi mtu analaumu RAM. RAM ndogo inafanya video ikwamekwame unapoitazama. Haibadilishi namba iliyohifadhiwa. ELAN inaandika muda wa kila alama kwa milisekunde, ukihesabiwa tangu mwanzo wa faili. Alama iliyoandikwa 2820000 itabaki 2820000 hata ukiifungua kwenye kompyuta ya babu yangu.

Sasa nisikilize kwa mfano wa korosho, maana sote hapa tumeibiwa na mizani. Kuna mizani ambayo haijarudi sifuri. Hiyo inakuibia kilo 1 ukipima kilo 10, na kilo 1 hiyo hiyo ukipima gunia la kilo 80. Halafu kuna mizani iliyochezewa moyo wake. Hiyo kwenye kilo 10 inakuibia 1, kwenye 80 inakuibia 8. Wizi wote huo, lakini fundi wa mizani anaurekebisha kwa njia mbili tofauti kabisa. Wa kwanza anaurudisha sifuri. Wa pili akiurudisha sifuri atahangaika hadi msimu ujao.

Hatujui mizani yako ni ipi kwa sababu umetupa kipimo cha mwanzo na "karibu na mwisho". Nataka namba. Tafuta sehemu ambazo jicho na sikio vinakutana bila ubishi: mzee anapiga goti, anaweka kikombe mezani, mbuzi anaangusha ndoo, chochote. Moja iwe kwenye dakika ya 5, nyingine dakika ya 20, nyingine mwisho kabisa. Kila mahali andika video inaonyesha muda gani na sauti inasema muda gani. Usikadirie, soma namba kwenye programu. Ukileta, tunaendelea.

Kangomba_Mstaafu – Jumatatu, saa 4:18 usiku

Mkuu mfano wa mizani umenigusa pabaya. Naomba uondolewe.

Binti_Chikongola – Jumanne, saa 11:50 jioni

Shikamoo Fundi. Mchana umeme ulikatika toka saa 5 hadi saa 9, ndiyo maana nimechelewa.

Nimepata sehemu tatu nzuri. Dakika ya 5, mzee anapiga paja lake: video inawahi kwa sekunde 0.3. Dakika ya 20, mtoto anaangusha sufuria nyuma: inawahi kwa 1.2. Dakika ya 47, kuna kofi la kumalizia: inawahi kwa 2.8. Kofi la mwanzo nimelirudia mara tatu, ni sifuri.

Fundi_Mawimbi – Jumanne, saa 12:35 jioni

Marahaba. Kazi nzuri sana, na aliyepiga kofi la mwisho apewe soda. Watu wengi wanapiga la mwanzo tu, na la mwanzo peke yake halimkamati mwizi wa aina ya pili.

Tazama namba zako. Gawa kila moja kwa dakika zake: 0.3 kwa 5, 1.2 kwa 20, 2.8 kwa 47. Zote zinakuja 0.06 kwa dakika, yaani sekunde 0.06 katika kila sekunde 60, yaani moja katika elfu. Mizani imechezewa moyo, na imechezewa kwa moja ya elfu, kiwango ambacho mtu yeyote wa video akikisikia anatikisa kichwa. Hiyo ndiyo tofauti kati ya fremu 30 kwa sekunde na fremu 29.97 (fremu ni ile picha moja moja inayounda video).

Wewe na mwenzako hamna kosa. Kila mmoja amefuata saa aliyopewa. Saa yake inakimbia.

Swali: kamera ilinunuliwa wapi? Na ile nakala isiyo na sauti ilitengenezwa na nani?

Dogo_RAM – Jumanne, saa 12:41 jioni

29.97 ndiyo nini sasa? Si waseme 30 tu yaishe.

Fundi_Mawimbi – Jumanne, saa 1:20 usiku

Dogo, swali zuri kuliko la RAM.

Televisheni ya Marekani ya nyeusi na nyeupe ilikuwa fremu 30 kamili kwa sekunde. Mwaka 1953 walipopitisha mfumo wa rangi, ishara ya rangi ilibidi ipite katika njia ile ile ya zamani, na ikaonekana ingegongana na ishara ya sauti na kuleta michirizi kwenye picha. Dawa waliyoipata ilikuwa kupunguza mwendo wa picha kidogo sana: 30 ukizidisha kwa 1000 na kugawa kwa 1001. Inakuja 29.97 na mkia mrefu. TV zile zimeshakuwa chuma chakavu lakini namba imebaki ndani ya kamera hadi leo. Sisi huku tulifuata mfumo wa PAL, wa fremu 25, kwa hiyo kamera nyingi zilizouzwa hapa zamani hazina kichefuchefu hiki. Kamera ikija kwenye begi la mgeni kutoka Marekani au Japani, inakuja na 29.97 yake.

Sasa mtu akiichukua video hiyo na programu yake ya kuhariri imewekwa 30 kamili, programu inaweza kufanya mojawapo ya mambo mawili. Yenye akili inatunza muda na kuongeza fremu moja ya marudio kila baada ya fremu elfu. Yenye haraka inazipanga fremu zile zile kwa mwendo wa 30, basi video nzima inafupika kwa moja ya elfu. Kwa wimbo wa dakika 4 ni robo ya sekunde, bwana harusi hatajua. Kwa saa nzima ni sekunde 3.6.

Kocha_wa_Vumbi – Jumanne, saa 1:44 usiku

Nachomekea hapo hapo, samahani mwenye uzi. Mimi nipo Ruangwa, nafundisha vijana wa chini ya miaka 17. Nawarekodi kwa simu nikiwapima mbio za mita 30, halafu naweka alama pale anapoanza na anapomaliza, programu inahesabu fremu. Wiki iliyopita kuna mtoto wa miaka 15 ametoka na sekunde 3.6. Nikafurahi hadi nikampigia baba yake. Usiku nikakumbuka Usain Bolt siku ile ya rekodi, Berlin 2009, alipita mita 30 kwa 3.78.

Nimempigia tena baba yake. Haikuwa simu rahisi.

Mimi yangu ni moja ya elfu pia?

Fundi_Mawimbi – Jumanne, saa 2:02 usiku

Kocha 😂 pole. Hapana, yako ni kubwa mno. Ulirekodi saa ngapi?

Kocha_wa_Vumbi – Jumanne, saa 2:05 usiku

Saa 12 na robo jioni, jua limeshazama. Asubuhi wanakuwa shule.

Fundi_Mawimbi – Jumanne, saa 2:30 usiku

Basi ndiyo hiyo. Simu nyingi hazina mwendo mmoja wa fremu. Mwanga ukipungua, simu inaacha kila fremu ikae wazi muda mrefu zaidi ili picha isiwe giza, na fremu kwa sekunde zinapungua. Simu ikipata joto nayo inaweza kupunguza. Ndani ya faili kila fremu ina muda wake wa kweli, lakini programu inayohesabu fremu tu na kudhani zote ziko sawa haisomi muda huo.

Piga hesabu: tuseme simu ilishuka hadi fremu 24. Mtoto kakimbia sekunde 4.5, simu ikapata fremu 108. Programu imeambiwa faili ni la fremu 30, inagawa 108 kwa 30, inakupa 3.6. Sekunde 4.5 kwa kijana wa miaka 15 kwenye vumbi si haba, usimvunje moyo.

Ugonjwa huu haufanani na wa binti. Wake unakua kwa mstari ulionyooka, unaweza kuutibu kwa namba moja baada ya kazi. Wako unapanda na kushuka kadiri wingu linavyopita, na alama ulizokwisha kuweka hazina namba moja ya kuziokoa. Dawa ni kabla ya kazi: geuza video iwe na mwendo mmoja, kisha weka alama upya kwenye hiyo mpya. Kwa ffmpeg, programu ya bure ya kugeuza video kwa kuiandikia amri, ni hivi:

ffmpeg -i simu.mp4 -vf fps=30 -c:v libx264 -crf 18 -g 30 mazoezi.mp4

Hiyo fps=30 inasoma muda wa kweli wa kila fremu, inarudia au inaruka panapohitajika, urefu haubadiliki. Na -g 30 inaweka fremu kamili, isiyotegemea fremu jirani, kila sekunde moja. Bila hiyo, x264, yaani kifinyazi cha video, inaweza kukaa hadi fremu 250 bila fremu kamili, na ukibofya katikati baadhi ya programu zinakurusha mahali pa karibu badala ya pale ulipobofya. Windows na Mac hazitumii injini moja ya kucheza video, kwa hiyo kila moja inaweza kukurusha kwake.

Na tafadhali, ukimtumia mtu video kwa WhatsApp, itume kama hati. Ukiituma kama video inafinywa upya na hujui itatoka na nini.

Kocha_wa_Vumbi – Jumanne, saa 2:36 usiku

Nimeelewa mkuu. Simu nayo kumbe inachoka jioni kama wachezaji. Mwenye uzi endelea.

Binti_Chikongola – Jumatano, saa 7:15 mchana

Mrejesho wa kwanza. Nimempigia mratibu. Kamera ni ya mtafiti, alikuja nayo kutoka Marekani. Nakala isiyo na sauti ilitengenezwa studio moja ya kuhariri video za harusi hapa mjini, waliambiwa wapunguze uzito wa faili ili mwenzangu aipakue Lindi kwa bando la simu. Sauti waliitoa kwa sababu "rekoda ipo".

Nimeifungua nakala hiyo kwenye MediaInfo, programu ya kusoma taarifa za faili, kama wanavyoshauri watu. Inasema fremu 30.000 kwa sekunde, urefu dakika 47 na sekunde 0, jumla ya fremu 84,600. Kazi za asili ziko kwenye diski ya nje nyumbani kwa mratibu, Shangani. Naenda na bodaboda jioni.

Mwl_Mikindani – Jumatano, saa 7:40 mchana

Angalia jambo hili zuri. Fremu 84,600 ukizigawa kwa 30 ni sekunde 2,820, dakika 47 kamili. Kama Fundi yuko sahihi, la asili litakuwa na fremu hizo hizo 84,600 lakini urefu wa dakika 47 na sekunde 2.82. Nimepiga kwa kikokotoo cha simu. Tungoje Shangani iseme.

Mtaalamu_Posta – Jumatano, saa 8:03 mchana

Na kama likiwa na dakika 47 kamili?

Fundi_Mawimbi – Jumatano, saa 8:10 mchana

Nitanunua RAM.

Binti_Chikongola – Jumatano, saa 3:48 usiku

Wakuu!!! Lakini kwanza tatizo: la asili si faili moja, ni mawili, 00001.MTS na 00002.MTS. La kwanza lina kama GB 4, la pili dogo. Je walirekodi mara mbili? Mbona sioni mahali mzee alipokatishwa?

Fundi_Mawimbi – Jumatano, saa 4:05 usiku

Hawakukatisha. Kadi za mfumo wa FAT32 hazibebi faili linalofika GB 4, kwa hiyo kamera inafunga faili na kufungua jingine huku inaendelea kurekodi. Usiziburute kwenye programu ya kuhariri moja baada ya nyingine, nyingine zinadondosha fremu kadhaa pale kwenye kiungo, na hapo utapata ugonjwa wa tatu: sawa hadi kiungo, halafu kuruka ghafla. Ziunge hivi, zote mbili zikiwa kwenye folda moja:

ffmpeg -i "concat:00001.MTS|00002.MTS" -vf yadif -c:v libx264 -crf 18 -g 30 -c:a aac -b:a 192k asili.mp4

Hiyo yadif inaondoa michirizi ya kamera za aina hiyo. Sijaweka fps popote, makusudi, tusije tukarudia kosa la studio. Acha usiku ufanye kazi yake.

Binti_Chikongola – Alhamisi, saa 1:20 asubuhi

asili.mp4: fremu 29.970 kwa sekunde. Jumla ya fremu 84,600. Urefu dakika 47, sekunde 2, milisekunde 820.

Nimemtumia mwenzangu picha ya skrini. Amejibu "pole dada". Nami nimemwambia pole kaka. Tulikuwa hatujasalimiana tangu Ijumaa.

Mwl_Mikindani – Alhamisi, saa 1:33 asubuhi

Fremu moja haijapungua wala kuongezeka. Nimefurahi kama nimeokota dafu.

Kangomba_Mstaafu – Alhamisi, saa 1:50 asubuhi

Kwa hiyo studio walimwibia mzee sekunde 2.82 za maisha yake. Kwenye korosho tungesema ni unyaufu.

Binti_Chikongola – Alhamisi, saa 2:10 asubuhi

Sasa swali la pesa. Mwenzangu ameweka alama zaidi ya 900 za mikono juu ya nakala mbovu. Arudie zote?

Fundi_Mawimbi – Alhamisi, saa 3:00 asubuhi

Asirudie hata moja. Hizo alama ni sahihi kwa saa inayokimbia, tunabadilisha saa. Kila muda wake uzidishwe kwa 1.001. Ule ulioandikwa 2820000 unakuwa 2822820, na unakaa mahali pake kwenye video ya asili.

Kusogeza zote kwa pamoja hakufai hapa. Ile sehemu ya ELAN ya kulinganisha video na sauti haifai pia, kwa sababu yote mawili yanarudisha mizani sifuri tu, na sifuri yako haina shida. Lakini faili la ELAN, lile la .eaf, ni maandishi ya XML, unaweza kulifungua hata kwa Notepad. Karibu na mwanzo utaona orodha ndefu ya TIME_VALUE na namba. Ndiyo hizo. Kama una Python, lugha ya kuandikia programu, weka hii kwenye folda moja na NAKALA ya faili la mwenzako, faili liitwe ishara.eaf:

import re
s = open("ishara.eaf", encoding="utf-8").read()
s = re.sub(r'TIME_VALUE="(\d+)"', lambda m: 'TIME_VALUE="%d"' % round(int(m.group(1))*1.001), s)
open("ishara_mpya.eaf", "w", encoding="utf-8").write(s)

Nasisitiza: faili la mikono PEKE YAKE, kabla ya kuunganisha. Lile mlilokwisha kuunganisha lina maneno yako na mikono yake ndani ya orodha moja ya muda. Ukilizidisha utayatelezesha maneno yako ambayo hayana kosa. Ukimaliza fungua ishara_mpya, iunganishe na video asili.mp4 badala ya ile nakala, kisha unganisha na faili lako upya.

Mtaalamu_Posta – Alhamisi, saa 3:15 asubuhi

Naondoa ushauri wangu wa sekunde moja na nusu. Ila tukubaliane ulikuwa wa haraka.

Binti_Chikongola – Ijumaa, saa 10:30 jioni

Mrejesho wa pili. Nimefanya kama ulivyosema, imechukua chini ya dakika moja. Wiki nzima ya ugomvi, mistari minne ya Python.

Kofi la mwanzo: sifuri. Paja: siwezi kuona tofauti. Sufuria: nadhani ipo kidogo sana. Kofi la mwisho: sasa video inachelewa kwa sekunde 0.1. Nimekosea mahali?

Fundi_Mawimbi – Ijumaa, saa 12:00 jioni

Hujakosea. Hiyo ni tofauti ya saa mbili za kweli. Kamera ina kijiwe chake cha fuwele cha kuhesabia muda, rekoda ina chake, na hakuna vijiwe viwili vinavyokubaliana kabisa. Kupishana kwa makumi ya sehemu katika milioni ni kawaida. Sekunde 0.1 katika 2,822 ni kama sehemu 35 katika milioni. Ni fremu tatu.

Kwa kunukuu maneno, iache. Ila kwa kazi yenu ya mkono na neno ningeiondoa, kwa sababu Mwalimu ametuambia mkono huwahi kwa sehemu ya sekunde, na hicho ndicho mtafiti anachokitafuta. Ukimpa fremu tatu za uongo mwishoni atasema mzee alichoka. La asili lina sauti ya kamera ndani yake. Itoe iwe WAV, iweke ELAN pamoja na ile ya rekoda. Sikiliza ya rekoda maana ni safi, lakini ukiwa dakika za mwisho mipaka ya maneno isome kwenye mawimbi ya kamera, kwa sababu sauti ya kamera na picha yake vinatoka kwenye saa moja.

Kwa masimulizi yanayofuata usiite studio. Chukua MTS, pitisha kwenye amri ile ile niliyokupa, mpe mwenzako hiyo. Ikiwa nzito kwa bando, pandisha -crf iwe 26, picha itafifia kidogo lakini muda hauguswi.

Kocha_wa_Vumbi – Ijumaa, saa 12:20 jioni

Mrejesho wangu mdogo: nimegeuza video, nimeweka alama upya. Mtoto ametoka 4.46. Baba yake kasema nisimpigie tena hadi niwe na uhakika.

Binti_Chikongola – Jumamosi, saa 3:05 asubuhi

Nimemaliza kurekebisha dakika kumi za mwisho kwa mawimbi ya kamera. Nimeitazama tena sehemu ya kuvuka. Mkono unaanza kunyanyuka, unafika, na "Ruvuma" inatoka ukiwa bado hewani. Kujikuna sikio kumbe ni kwa sentensi inayofuata, inzi alikuwa anamsumbua.

Mratibu amekubali faili. Yamebaki mengine 11, mawili kati ya hayo yalipita studio ile ile. Fundi, hizo namba zake nitazileta hapa hapa Jumatatu.

Fundi_Mawimbi – Jumamosi, saa 3:30 asubuhi

Lete. Ila pima kwanza, usizidishe kwa 1.001 kwa mazoea.